Kikombe cha Dirishani

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali, limeegemea ukuta wa duka la rangi, na anayekaa upande wa tofali haruhusiwi kucheka sana. Ng'ambo ya barabara kuna nyumba ya fundi magari, mtu mpole, salamu zake haziishi. Kila asubuhi anafunga mlango kwa kufuli kubwa, anavuka, anamwambia Mama Birika, muuza kahawa wetu, atumiminie wote, analipa yeye, kisha anakwenda gereji mpaka jioni. Ndani anabaki mama yake, bibi ambaye siku hizi akitoka hajui njia ya kurudi. Bibi naye ana mtindo wake: anagonga kikombe cha bati kwenye nondo za dirisha, nasi tunanyanyua vyetu na kumwamkia. Mimi nashona viatu hapohapo benchini, kwa hiyo nanyanyua kwa mkono wa kushoto. Lakini leo kile kikombe kilikuwa hakitulii, na mimi sindano ilishanichoma vidole viwili.

— Si tumeshamwamkia? akauliza Rada, ambaye kazi yake ni kuona watu wakipita, hana nyingine.

— Mwamkie tena, akasema Wakili. Wakili hajasomea sheria. Aliwahi kushinda kesi ya mbuzi.

Tukanyanyua vikombe. "Shikamoo, bibi!" Kikombe kikazidi kugonga.

— Amekukasirikia wewe, Rada. Umechelewa kufika.

— Mimi? Huyo anapiga ngoma. Ujanani alikuwa mpigaji, nimesikia.

— Umesikia kwa nani?

— Nimesikia tu.

— Mimi sipendi, akasema Mama Birika. Jana aligonga mpaka mlio ukawa mdogo, mdogo, ukapotea.

— Alichoka. Mtu mzima yule.

— Na lile kufuli?

— Kufuli ni usalama, akasema Wakili. Akitoka akagongwa na gari, lawama za nani? Za mwanaye. Akifungiwa, yuko salama. Hata hakimu angempa kijana hongera.

— Moto ukiwaka humo ndani?

— Uwake na nini? Jiko lenyewe fundi kalihamishia gerejini.

Hapo nikaacha kushona.

— Sasa bibi anakula nini mchana? nikauliza.

— Wazee hawali mchana, akasema Rada. Tumbo linasinyaa. Namjua mzee mmoja alikaa wiki nzima anakula harufu.

— Harufu?

— Ya jikoni kwa jirani. Na alinenepa.

— Acheni hizo, akasema Wakili. Kufuli kubwa namna ile si la kufungia mtu. Bibi ana dhahabu chini ya kitanda. Anapogonga, anamjulisha mwanaye kwamba mzigo bado upo.

— Mwanaye yuko gereji, atasikiaje?

— Fundi magari huyo. Injini ikikohoa mtaa wa tatu, anaisikia.

Nikacheka, benchi likayumba, kahawa ikanimwagikia gotini. Nilijichukia kwa kile kicheko, maana kikombe kilikuwa kinaendelea tu.

— Twendeni basi tukachungulie, akasema Mama Birika.

— Nyumbani kwa mtu? akasema Wakili. Tena mtu ambaye kahawa yake iko mdomoni mwako?

Tukatazama vikombe vyetu. Rada akatikisa mguu. Mimi nikatafuta uzi nilioushika mkononi. Hakuna aliyeinuka.

Ndipo akaja mwanamke mmoja aliyehamia juzi nyumba ya nyuma ya duka, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, kamba imekatika. Akanipa. Akawa anasubiri huku akitazama dirisha.

— Yule bibi anamwita nani?

— Hamwiti mtu, dada, akasema Wakili. Anatusalimia. Sisi tunanyanyua vikombe, naye anagonga chake. Ndivyo tunavyoishi hapa.

— Vyenu vina kahawa.

— Ndiyo.

— Chake kina nini?

Wakili akachungulia ndani ya kikombe chake. Rada, anayejua hata rangi ya soksi za wapita njia, akatazama chini. Mimi nimekaa mbele ya dirisha lile tangu kufuli liwekwe, na sijawahi kujiuliza.

Yule mwanamke hakungoja. Akachukua jagi la maji la Mama Birika, akavuka barabara na kiatu chake kimoja. Kikombe kikatolewa nje kati ya nondo, mdomo ukiwa chini, hakikudondosha hata tone. Akakijaza. Kikaingia, kikatoka. Akajaza tena. Kikaingia, kikatoka tena.

Kisha bibi akasogea karibu na nondo, tukamwona uso. Akatutazama watu wa benchi, akakinyanyua kikombe chake kilichojaa, kama tunavyomfanyia sisi kila siku.

Hakuna aliyeweza kunyanyua chake.