Dada Geuza na Sifuri ya Wodi Namba Nne

Ijumaa, tarehe 28 Novemba, baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili, muuguzi mkuu wa Wodi Namba Nne anastaafu. Jina lake limo kwenye jalada la utumishi, lakini ukimwulizia kwa jina hilo pale mapokezi utaambiwa hakuna mtu kama huyo. Sisi tunamwita Dada Geuza.

Alianzia wodi ya wazazi, akapitia upasuaji, kisha akatua Namba Nne, kwa wagonjwa wasioweza kujigeuza. Humo alikutana na adui yake: vidonda vya mgandamizo, vile vinavyompata mtu kisiginoni au nyongani kwa kulalia upande mmoja muda mrefu. Kila baada ya saa mbili alipita akihimiza geuza, na mwenye zamu aliyejifanya kiziwi alimkoma. Shemeji yake analalamika kwamba hata nyumbani, akisinzia kidogo kwenye kochi, husukumwa bega abadili upande.

Hata hivyo, kazi yake kubwa ilikuwa kuhesabu, na iliponea chupuchupu.

Miaka sita iliyopita, hospitali sita zilikuwa zinajaribu godoro jipya la hewa. Baada ya miezi kumi na minne matokeo yalikuwa mazuri mno, na Namba Nne ilikuwa kinara: sifuri, hakuna kidonda hata kimoja. Mkutano wa hospitali hizo, uliopangwa Alhamisi, ungepitisha kwamba penye godoro hilo wagonjwa wasigeuzwe tena kila saa mbili, maana wauguzi ni wachache. Cheti chetu cha pongezi kwa sifuri hiyo kilishatiwa fremu.

Jumatatu asubuhi, akimwogesha dereva mmoja mstaafu aliyepooza, Dada Geuza aliweka mgongo wa kiganja kwenye kisigino chake, akakuta pana joto na pagumu. Fomu ya asubuhi hiyo ilisema hakuna kidonda. Aliyeijaza ni mimi. Fomu iliuliza kama kuna wekundu, na kwenye ngozi nyeusi kama ya mzee yule wekundu hauonekani, basi nikaandika hakuna, kama nilivyoandika siku zote. Naona aibu hadi leo.

Aliwapigia simu wenzake wa hospitali nyingine. Mmoja alihesabu kidonda pale tu ngozi ilipochanika. Mwingine alihesabu kila alama, hata mchubuko wa shuka. Wa tatu alihesabu wagonjwa badala ya vidonda, kwa hiyo mwenye vitatu aliandikwa kimoja. Hayo yote yalikuwa yamejumlishwa pamoja, yakaitwa matokeo. Zilibaki siku tatu.

Jumanne alitupanga wawili wawili: mmoja akishamkagua mgonjwa anatoka, mwenzake anaingia bila kuona kilichoandikwa. Tulitazama, tukabonyeza kwa kidole, tukapapasa joto na ugumu. Hakuna aliyetania siku hiyo. Kufikia jioni, kati ya wagonjwa kumi na tisa wa wodi ya sifuri, wanne walikuwa na vidonda vinavyoanza. Nilimsihi anyamaze. Nilimwambia atatuumbua, na pengine atapoteza cheo akiwa amebakiza miaka sita tu. Alinijibu kwamba yeye keshaumbuka tangu Jumatatu, pale kitandani kwa dereva.

Alhamisi alisimama mbele ya mtafiti mkuu, akasema takwimu za wodi yake si za kweli. Mtafiti alimwambia waziwazi kuwa anawavurugia kazi ya zaidi ya mwaka mzima. Matroni aliinamisha kichwa. Dada Geuza aliwawekea fomu mbili mbili za wagonjwa wale, akakaa. Uamuzi uliahirishwa kwa kura moja tu, na cheti kikaenda stoo.

Kisigino cha dereva kilichanika wiki ileile, kikachukua miezi mitatu kupona. Binti yake, ambaye tulimwambia kila siku kwamba baba hana kitu, aliacha kutusalimia. Alimsalimia Dada Geuza peke yake.

Miezi minane iliyofuata hospitali zote sita zilibishana hadi zikakubaliana kipimo kimoja: kipi kiitwe kidonda, nani akague, lini, na ngozi iguswe, isitazamwe tu. Jaribio likarudiwa. Godoro lilisaidia, lakini kidogo, na pale tu mgonjwa alipoendelea kugeuzwa. Mtafiti mkuu yuleyule ndiye aliyeshikilia kwamba jina la muuguzi huyu litangulie lake kwenye ripoti.

Mwezi uliopita Namba Nne ilikuwa na vidonda viwili. Zamani ningeificha namba hiyo. Safari hii nimeiandika kwa mkono wangu, na wenye vidonda hivyo wote wawili wanaendelea kupona.

Asante, dada. Nilikununia mwaka mzima na sikuwahi kukuomba radhi. Naomba leo, mbele ya wote. Nenda salama, upumzike vyema, na afya isikupungukie.