Radi Aliyeisukuma Pikipiki Ili Mtoto Alale

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Radi, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1991, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi cherehani na mkewe. Mama anasema hakulia hadi mkunga alipomchapa mara mbili. Nyumbani aliitwa Bubu, na dada yake, aliyeandika maneno haya, hakuwahi kumwita vinginevyo.

Alianza shule Januari 1998. Muhula wa kwanza aliandikwa mtoro siku kumi na saba, naye yupo dawati la mbele, kwa kuwa jina lake likiitwa aliitikia kwa kunong'ona. Dada yake ndiye aliyekwenda kumtetea kwa mwalimu. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2009.

Mwaka 2013 aliajiriwa na maabara kusafirisha sampuli za damu kwa pikipiki, na kwa miaka kumi na miwili hakuvunja hata chupa moja. Mwaka 2021 gari dogo lilimbana ukutani, akatoka na mchubuko wa goti na woga mwingi. Fundi wa kuchomelea, aliyeketi hapa safu ya tatu, akamkatia ekzosi, lile bomba la moshi, ili pikipiki ingurume, na kumwambia, "Wakikusikia, hawakugongi." Kijiwe kizima cha waendesha pikipiki kikaafiki, na jina la Radi likazaliwa siku hiyo. Dada yake alimnunulia kizibao chenye mistari inayong'aa. Tumekikuta chini ya kiti cha pikipiki, bado kimo kwenye nailoni. Lakini dada huyohuyo alipakiwa nyuma siku moja, akafurahia jinsi magari yalivyowapisha, na kwa hilo hajisamehe.

Tarehe 4 Juni 2022 alimwoa muuguzi, wakajaliwa binti. Kila jioni alizima injini kwenye kona na kuisukuma pikipiki mita mia mbili hadi mlangoni, jasho likimtoka, ili mtoto asishtuke. Dada yake alimuuliza kwa nini barabarani asiwe hivyohivyo. Akacheka, akasema, "Dada, mtoto hanigongi."

Mwaka jana masikio yake yalianza kuvuma. Daktari alimwambia arudishe ekzosi ya zamani. Aliahidi, akaahirisha.

Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, lori lililokuwa mbele yake lilihama njia. Dereva, aliyefunga vioo kwa sababu ya vumbi, alikuja mwenyewe hospitalini. "Niliwasha indiketa, nikapiga honi mara mbili," alisema. "Kelele yake niliisikia ikiwa tayari ubavuni mwangu." Honi hiyo ndugu yetu hakuisikia. Miaka minne, wanaume wazima wenye spana mikononi, na hakuna aliyejiuliza ekzosi inatazama wapi. Inatazama nyuma. Lori lilikuwa mbele. Alifariki Alhamisi tarehe 13 Machi, akiwa na miaka thelathini na mitatu.

Ameacha mama, mke, binti wa miaka miwili, na dada mwenye hasira ambayo haitaisha leo.

Jana wenzake wa kijiweni waliomba kumsindikiza kwa pikipiki arobaini zikinguruma, kwa heshima. Familia imekataa. Injini zizimwe langoni, na kila mmoja aisukume yake hadi kaburini kama alivyofanya yeye kila jioni. Fundi wa kuchomelea atatangulia.

Mtoto amelala. Apumzike kwa amani, Bubu wetu.