Josfina Kathambi Mworia, Aliyeuza Nyumba za Isiolo

Wazee wetu, akina mama, majirani wa Mwangaza na nyote mliotoka mbali, wa kanisa na wa msikiti, habari zenu na salaam aleikum. Familia ya marehemu Josfina Kathambi Mworia imeomba maisha yake yasomwe mbele yenu kama yalivyokuwa, mazuri na yale mengine, kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza hivyo akiwa kitandani, akisema kwamba watu wa Isiolo wanamjua, na karatasi ikisema uongo watakohoa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966 katika kijiji cha Muthara, Tigania, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee M'Ikiara na marehemu mama Karambu, wakulima wa miraa na mahindi, akabatizwa mwezi wa Desemba mwaka huo huo.

Alianza darasa la kwanza mwaka wa 1974 katika shule ya msingi ya jirani, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1980 na kupita vizuri, akaingia shule ya upili Januari 1981, lakini hakuvuka kidato cha pili, kwa kuwa baba yake alianguka kutoka juu ya mti wa miraa akavunjika nyonga, ikabidi mtoto mmoja abaki nyumbani kuvuna. Walimu walisema msichana huyo ana kichwa cha hesabu. Yeye alipenda kusema kwamba kichwa chake kilikuwa cha kawaida, ila masikio ndiyo yaliyomlisha.

Alifika Isiolo mwaka wa 1986 na gunia moja la miraa iliyofungwa kwa majani ya mgomba, akaanza kuuza sokoni, na baadaye akaona ni heri awafuate wateja milangoni, akizunguka kwa miguu Bulla Pesa, Kiwanjani na Kambi Garba kila siku isipokuwa Jumapili. Katika kuzunguka huko alijifunza Kiborana cha kusalimia na kupatana bei, na Kisomali cha kutosha kujua anapotukanwa.

Tarehe 22 Aprili 1989 alifunga ndoa kanisani hapa mjini na Daudi Mworia, dereva wa lori la maji, na Mungu akawajalia mabinti wawili, Kinya aliyezaliwa mwaka wa 1990 na Mwendwa aliyezaliwa mwaka wa 1999. Mzee Daudi aliaga dunia tarehe 3 Juni 2011 baada ya kuugua kwa muda mfupi, na tangu hapo marehemu aliwalea na kuwasomesha watoto peke yake, kwa biashara ile ile ya miraa.

Mwaka wa 2020 biashara hiyo ilimvunjikia mkononi. Ndege za kupeleka miraa Somalia zilisimama mwezi wa Machi, ugonjwa wa korona ukafunga masoko, bei ikaanguka, na mteja aliyekuwa akichukua vifungu vitano akawa anachukua kimoja kwa kuahidi. Marehemu alikuwa na miaka hamsini na mitatu, magoti yameanza kuuma, na Mwendwa yuko chuoni Meru mwaka wa pili. Kitu kimoja tu ndicho kilichobaki bila kupungua, nacho ni habari. Kwa miaka thelathini na zaidi watu walikuwa wakimwambia mlangoni nani anahama, nani amegombana na nduguze juu ya ploti, nani ametoka Marsabit anatafuta vyumba vitatu na tangi la maji, naye alikuwa akizibeba habari hizo kutoka mlango hadi mlango bure, huku mabroka, wale madalali wa nyumba, wakila kwa muuzaji na kwa mnunuzi.

Aliyemfungua macho ni wakili Jattani, mteja wake wa zamani, ambaye ofisi yake iko ghorofani juu ya duka la mabati. Alimweleza kwamba iko njia ya mtu asiye na pesa za kununua nyumba kufanya kazi ya nyumba, tena kwa haki, kwamba anaweza kukubaliana bei na mwenye nyumba, akalipa kitu kidogo cha mwanzo, wakaandika mkataba kwamba katika siku arobaini na tano atainunua yeye au mtu atakayemwachia mkataba huo, kisha akatafuta mnunuzi wa bei ya juu, na kile kinachozidi kikawa chake.

"Lakini si ubroka, Mama Kinya," wakili alimwambia. "Broka akikosa mteja anaenda nyumbani kulala. Wewe ukikosa, kile ulichoweka kimeenda. Na kabla ya sahihi yoyote, karatasi za ploti zikaguliwe, hata kama mwenye nyumba ni shemeji yako."

Marehemu alikaa na maneno hayo mwezi mzima. Alipoanza, wenye nyumba saba walimkataa mmoja baada ya mwingine, na wa nne kati yao, mteja wake wa miaka kumi, alimuuliza mbele ya watu, "Juzi ulikuwa unauza majani, leo unataka kuuza mawe?" Watu walicheka, na marehemu akacheka nao, kisha akaenda kwa mlango wa tano.

Wa nane alikuwa mama Tache, mjane wa miaka karibu sabini, aliyejenga nyumba yake ya vyumba vitatu kule Bulla Pesa kwa faida ya mbuzi wake mwenyewe, na hati ilikuwa kwa jina lake. Watoto wake walikuwa wamehamia mbali, mji ulikuwa umejaa kelele, na yeye alitaka kurudi Korbesa kwa dada yake. Kwa siku tatu marehemu alikaa naye kwenye mkeka, wakanywa chai ya maziwa, wakaongea juu ya waume zao waliokufa, na siku ya tatu mama Tache akataja bei ya milioni moja na laki nane. Marehemu alijua kwamba nyumba za mstari ule zinakwenda zaidi ya milioni mbili. Alisema, "Sawa, mama," na hakusema lingine.

Aliuza ng'ombe wake wa pekee wa maziwa ili apate malipo ya mwanzo, wakatia sahihi tarehe 12 Oktoba 2020, na siku zikaanza kukimbia. Alizungukia walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa mifugo na watu wa kwaya, akaonyesha nyumba mara kumi na moja, na kufikia siku ya thelathini hakuwa amepata mnunuzi, na watoto hawakujua kwamba ng'ombe hakupelekwa kwa mjomba kama walivyoambiwa. Siku ya thelathini na nane alimpata Ruweida, mwanamke anayeuza vitambaa, aliyetaka nyumba karibu na madrasa ya binti zake, naye akakubali milioni mbili na laki nne bila kuvutana sana. Wakili akaandika, kila mtu akalipwa siku yake, na marehemu akabaki na pesa ambazo hakuwahi kuzishika kwa mkupuo tangu azaliwe. Alimlipia Mwendwa karo mpaka mwisho wa chuo. Kinya alipomuuliza kwa simu ni nani aliyemuuzia, alijibu kwamba ni mama mmoja tu wa Bulla Pesa.

Mwezi wa Februari 2021 mama Tache alirudi mjini kuchukua kitanda alichokuwa amekiacha, na Ruweida, bila kujua kitu, akamtajia bei aliyolipa. Mama Tache alikwenda moja kwa moja hadi kwa marehemu, hapa hapa Mwangaza, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, chai akaikataa.

"Ile nyumba uliuza ngapi?" aliuliza.

Marehemu alimwambia.

"Sikukuja kuchukua pesa," mama Tache alisema. "Bei nilitaja na mdomo yangu. Lakini ulikaa kwa mkeka yangu siku tatu, ukijua, na ukanyamaza. Hiyo tu ndiyo nimekuja kukuambia."

Akaondoka na kitanda chake. Marehemu alisimulia baadaye kwamba alikuwa amejitayarishia majibu kwa miezi minne, kwamba sheria haikumlazimu kusema, kwamba aliuza ng'ombe, na kwamba biashara ni biashara. Hakutoka kwenda kazini wiki tatu. Mwezi wa Machi alipanda lori la bidhaa hadi Merti, akaendelea hadi Korbesa, amebeba shilingi laki tatu, nusu ya kile kilichozidi, zimefungwa ndani ya leso.

Mama Tache alizikataa. "Nikichukua leo, watu watasema uliniibia," alisema. "Mimi sikuibiwa. Nilinyamaziwa." Marehemu alilala huko, kwa kuwa lori lilikuwa limekwenda, na asubuhi dada yake mama Tache alichukua leso ile akaiweka mapajani pa mwenzake. "Chukua," alisema. "Mvua haijanyesha. Ukame haujui hasira." Mama Tache alizihesabu mara mbili, akarudisha leso ikiwa imekunjwa, wala hakushukuru. Hawakuwa marafiki baada ya hapo, na familia haitadai hapa kwamba walikuwa.

Aliporudi, marehemu alimtaka wakili Jattani aongeze mstari katika kila mkataba wake, unaosema kwamba mnunuzi huyu hanunui ili akae, kwamba atamwachia mtu mwingine mkataba kwa bei ya juu, na kwamba muuzaji ataonyeshwa bei hiyo kabla ya kutia sahihi ya mwisho.

"Mama Kinya, hakuna mtu atatia sahihi hii," wakili alisema.

"Basi nitarudi kwa majani," marehemu alijibu.

Karibu arudi kweli. Mwaka ule wote wa 2021 alipata nyumba mbili tu, na wauzaji wengine waliposomewa mstari huo walimtazama kama mtu aliyekuja kukiri kosa kabla ya kulitenda. Lakini mwaka uliofuata watu walianza kumjia wenyewe, kwanza mpwa wa Ruweida, kisha mwalimu mmoja wa Wabera, kisha watu ambao hakuwajua kabisa, wakisema wamesikia kuna mama anayekuambia atapata ngapi juu yako. Wengine walibishana naye wakapandisha bei, naye alipandisha. Wengine walisema, chukua, miguu ni yako. Hadi anafariki alikuwa amepitisha nyumba thelathini na moja, na katika hizo alipata hasara katika nne. Ya mwaka wa 2023 ilimuuma zaidi, kwa kuwa alimwamini muuzaji kwa sababu ni wa kanisa lake, akaacha kukagua karatasi, na siku ya mwisho akajitokeza ndugu wa muuzaji huyo, ambaye ndiye mwenye hati.

Hakuwa mtu mwepesi kukaa naye. Alikuwa mkali kwa watu wanaochelewa, alikula chakula amesimama, na mabinti zake wanakubali kwamba katika miaka hii ya mwisho ilikuwa rahisi kumpata ukiwa na nyumba ya kuuza kuliko ukiwa mtoto wake. Lakini wajukuu wake watatu aliwajengea chumba nyuma ya nyumba hii, na kila walipofunga shule kilikuwa kimepakwa rangi mpya.

Mwezi wa Septemba 2024 marehemu alianza kuvimba miguu, akapelekwa hospitali hapa Isiolo, akaonekana ana shinikizo la damu la muda mrefu na figo zilizochoka, na kuanzia Oktoba akawa anasafiri Meru mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. Aliendelea na kazi akiwa kitandani, kwa simu. Tarehe 4 Machi 2025 hali yake ilibadilika, akalazwa, na Jumapili tarehe 9 Machi, saa kumi na moja alfajiri, akaaga dunia mbele ya Kinya, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Ameacha mabinti wawili, mkwe mmoja, wajukuu watatu na kaka yake Kaberia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Isiolo na Meru waliomhudumia kwa uvumilivu, naye hakuwa mgonjwa mtiifu. Inawashukuru majirani wa Mwangaza ambao tangu Jumapili hawajaacha moto uzimike katika jiko hili. Inawashukuru wanawake wa miraa waliofunga meza zao kwa siku mbili. Inamshukuru wakili Jattani, na Sahro, aliyezunguka na marehemu kuonyesha nyumba tangu mwaka wa 2022 na ambaye anaijua kazi hiyo sasa kuliko sisi sote.

Liko jambo moja ambalo familia imetakiwa kulitangaza. Tarehe 21 Februari marehemu alitia sahihi mkataba wa nyumba ya mwalimu mstaafu Mwongera, iliyoko Kiwanjani, ambao muda wake unakwisha tarehe 7 Aprili. Siku mbili kabla ya kufariki alimwambia Kinya, "Mwambie Mwongera asiningoje. Nyumba ni yake, na kile nilicholipa akae nacho." Kinya alimpelekea mwalimu karatasi ya mkataba huo Jumatatu ili mwalimu aichane. Mwalimu Mwongera, ambaye amekaa pale mstari wa pili, aliisoma yote, akaikunja, akaitia mfukoni mwake, akasema kwamba alitia sahihi ya siku arobaini na tano, na kwamba mpaka siku hizo ziishe nyumba ile hamuuzii mtu ila atakayeletwa kwa mkataba ule.

Kathambi wa M'Ikiara, mke wa Mworia, mama wa Kinya na Mwendwa, umezunguka vya kutosha. Kaa chini sasa, na Mungu akupe amani.