Mwalimu Fanueli Shemhilu na Vitabu Vilivyolala Darini

Mchungaji wetu, wazee wa usharika, masheikh na majirani wa upande wa msikiti mlioacha mashamba yenu tangu asubuhi mkaja kuketi nasi, walimu, wanafunzi wa zamani, na ninyi nyote mliopanda mlima kumsindikiza ndugu yetu, familia imenituma mimi Rubeni Shemhilu, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha yake. Wengi wenu mnajua kwamba hapa mtaani kazi hii ilikuwa yake, kwani yeye ndiye aliyetuandikia historia za misiba karibu yote, kwa kanuni ambayo hakuikiuka hata mara moja, yaani kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa na kifo, kila jambo na tarehe yake na mahali pake, na aibu ya mtu asisomewe akiwa amelala jenezani. Ya kwake alituomba tusiiandike hivyo. Ndugu tulibishana sana, wengine wakisema msiba si baraza la kata, mpaka shemeji yangu Yudith, mjane wa marehemu, alipokata shauri kwa kusema, "Someni yote, mimi nimelala chini ya dari lile muda wa kutosha."

Marehemu Fanueli Tobia Shemhilu alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 katika kijiji cha Mtae, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Tobia Shemhilu, mkulima na mwimbishaji wa kwaya, na mama yetu, mfinyanzi wa vyungu, akabatizwa mwaka huohuo siku ya Pasaka. Alianza shule ya misheni hukohuko Mtae mwaka 1947, akaendelea na shule ya kati kuanzia 1951 hadi 1954, kisha akasomea ualimu mwaka 1956 na 1957. Katika miaka hiyo ya ualimu, siku za likizo, alikuwa akishinda Lushoto sokoni kwa mzee Amiri, fundi cherehani na mtunzi, ambaye alimfundisha vina vya kati na vya mwisho, mizani nane kwa nane, na kwamba mshororo mmoja ukipungua mizani moja ubeti mzima umetoka nje bila shati. Mafunzo hayo yalimkaa mwilini, hata chakulani tulikuwa tukimwona akigonga ukingo wa meza kwa vidole, tukajua anahesabu, tukanyamaza.

Aliajiriwa Januari 1958, akafundisha katika shule kadhaa za milima hii, na mwaka 1976 akawa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo chini ya msitu wa Magamba, alikodumu hadi kustaafu kwake tarehe 31 Desemba 1998. Mashairi yake yalisomwa redioni, na wanafunzi wake wengi, mimi nikiwa mmojawapo kabla ya wengine wote, tulijifunza kwake kwamba neno lisilo mahali pake ni uzembe. Tarehe 22 Septemba 1962 alifunga ndoa na Yudith katika kanisa la Mtae, wakajaliwa watoto watano, wa kwanza wao Esteria, aliyemuuguza baba yake, na wanne wengine walioketi naye hapa mbele.

Hapo ndipo historia kama alivyokuwa akiziandika yeye ingevuka moja kwa moja hadi ugonjwa, nasi tunaomba mtuvumilie tusivuke.

Mwaka 1993, wakati uchapishaji wa vitabu ulipokuwa umeachiwa watu binafsi na kila mwenye mswada alipoanza kuota jalada, marehemu aliwaza kutoa kitabu cha tungo za watoto wa huku juu, akawaagiza wanafunzi waandike juu ya jambo walilolishuhudia wenyewe. Msichana mmoja wa darasa la saba, Rukia binti Saidi, ambaye leo yupo hapa kati ya akina mama, aliandika juu ya kifo cha mama yake, Mwanamisi, ambaye miaka miwili nyuma alishikwa na uchungu wa kuzaa, mtoto akawa amekaa vibaya, wanaume wakambeba kwa machela kuelekea hospitali. Aliandika kwamba walipofika njia kuu lori la kabichi liliwakuta, likasimama, dereva akachungulia, akasema limejaa, akaondoka, wakamtua mama chini, naye akafia pale vumbini. Maneno yake hayakuwa na vina wala mizani, ila marehemu mwenyewe alituambia baadaye kwamba alipoyasoma alivua miwani.

Akavaa tena miwani, ndugu waombolezaji, na akafanya alivyofundishwa. Kitabu chake kilikuwa cha mashairi ya kanuni tupu, hakutaka ukurasa mmoja uwaaibishe wenzake, akaketi akayapanga maneno ya mtoto nane kwa nane, kina cha kati kikamtaka "ni", cha mwisho kikamtaka "na", na lori halikuingia, machela haikuingia, vumbi halikuingia, zikabaki beti tatu, na ya mwisho ikaanza hivi:

*Mama yangu kitandani, alituaga kwa jina,*
*Akatutoka nyumbani, kwa idhini ya Rabana.*

Mizani yake haina dosari. Rukia alipoonyeshwa alimwambia, kwa heshima yote ya mtoto kwa mwalimu, "Shikamoo mwalimu, lakini mama hakufa kitandani," naye marehemu akamjibu, "Shairi lina kanuni zake, mwanangu, watu wataelewa." Kwa hiyo hatuwezi kusema mbele yenu kwamba hakujua.

Kitabu kilichapwa Tanga kwa mpiga chapa mmoja mwaka 1995, kikiitwa Mashairi ya Shule za Milimani, kikapanda huku kwa furaha, na chini ya beti zile likakaa jina la Rukia Saidi.

Mzee Saidi, baba yake Rukia, alikuwa mkulima wa mboga, na tangu siku ile ya barabarani alikuwa akiwaambia wakulima wenzake wasimpakilie mzigo mwenye lori lile. Mwaka 1996 mfanyabiashara huyo alimshitaki katika baraza la kata kwamba anamchafulia jina, na siku ya shauri akasimama na kitabu mkononi, akafungua ukurasa, akasoma kwa sauti, kisha akawageukia watu, "Mwanawe mwenyewe ameandika mama alifia nyumbani kitandani, sasa mimi na lori langu tulipita chumbani?" Watu wakacheka. Mzee Saidi hakujua kusoma vizuri, akamtazama mwalimu mkuu, aliyekuwa ameketi benchi la mbele pamoja na viongozi, akasema, "Mwalimu, si wewe uliyetoa kitabu, hebu waambie." Marehemu alisimama, akasema kwamba kitabu kinajieleza chenyewe, akaketi. Mzee Saidi akaamriwa aombe radhi sokoni mbele ya watu, siku ya gulio, na aliomba.

Juma lililofuata marehemu alizunguka shule zote, kutoka Irente hadi Mtae, akivikusanya vitabu vyake kimoja kimoja, akisema gundi ilikuwa mbovu na kurasa zitamwagika, akavipandisha vyote kwenye dari la nyumba yake, akaondoa ngazi. Waliokuwa na tungo zao ndani, watoto wa shule nyingi, hawakuambiwa kitu. Sisi ndugu tuliona shehena ile ikipanda, tuliokuwamo barazani tuliyasikia yote, na hatukumuuliza, kwa sababu alikuwa kaka mkubwa na mwalimu wetu, na kumuuliza kungetuaibisha sote, hivyo tukaila aibu ile pamoja naye kwa miaka saba, kimyakimya. Mzee Saidi alifariki Novemba 2001. Marehemu alikwenda mazikoni, akasimama nyuma kabisa karibu na migomba, akarudi nyumbani, asile.

Juni 2003 Rukia alikuja nyumbani. Yeye mwenyewe sasa alikuwa mama, mwanawe ameanza darasa la kwanza katika ule mwaka ambao shule zilifurika baada ya ada kufutwa. Aliamkia, akaketi kizingitini, akakataa chai.

"Mwalimu," akasema, "kitabu kimoja wanakigombea watoto darasa zima kama mbuzi kwenye hori, na wewe nasikia umejaza dari. Umeviweka juu ya moshi kama mahindi ya mbegu, unangoja mvua gani?"

Marehemu akasema, "Vile vina kosa, mwanangu, siwezi kuvitoa vikiwa vile."

"Kosa nalijua, ni mama yangu. Wale wengine uliowafungia huko juu wamekosa nini? Yunis aliandika juu ya ng'ombe wao aliyetumbukia korongoni, au naye ulimlaza kitandani?"

Shemeji yangu anakiri kwamba kicheko kilimponyoka pale mlangoni, akakiziba kwa kanga, na aliyekuwa wa kwanza kutazama chini alikuwa mumewe. Alimwahidi Rukia kwamba atarekebisha, na Rukia akasema, "Rekebisha, ila usinitafutie vina."

Ahadi hiyo ndiyo aliyoshindwa kuitimiza kwa njia yake. Alitaka kuomba radhi kwa shairi, liwe kamili, lichapwe karatasi ndogo na kubandikwa katika kila kitabu, akaanza ubeti wa kwanza mwezi huo wa Juni, akaupanga, akaufuta, akaupanga tena, na mwaka ulipokwisha alikuwa bado kwenye ubeti wa kwanza. Esteria alimwambia, "Baba, sema tu," naye akajibu kwamba hajui kusema tu.

Tarehe 11 Februari 2004 alipatwa na kiharusi kilichomshika mkono na mguu wa kulia. Mvua ilikuwa imekata barabara, vijana wa pande zote mbili, wa kanisani na wa msikitini, wakambeba kwa machela hadi njia kuu, na gari la nyanya lililokuwa likipita likasimama, na dereva, ambaye hatukumjua wala hatukumwita, akashusha matenga yake barabarani akampakia mgonjwa. Esteria anasema baba yake alilia njia nzima, na si kwa maumivu.

Aliporudi nyumbani mwezi Machi aliagiza ngazi irudishwe na vitabu vishushwe. Akamwambia Esteria azipige mstari kwa rula beti zile tatu katika kila nakala, na ukingoni aandike maneno ya Rukia kama mtoto alivyoyaandika, akayatamka mwenyewe kwa ulimi mzito, kwa kichwa, miaka kumi na moja baada ya kuyasoma mara ya kwanza. Rukia aliitwa kuja kuona. Alisoma, akarudia, akamwambia, "Mwalimu, hapa umesema lori lilitupita. Halikutupita. Lilisimama, akatuona. Ndiyo ubaya wenyewe." Marehemu alifumba macho, kisha akamwambia bintiye aanze upya vyote, na Esteria, kwa moyo ambao sisi wakubwa wake hatukuwa nao, alianza upya, akamaliza nakala ya mwisho katikati ya Julai.

Baada ya hapo hali yake ilidhoofika, kiharusi cha pili kikampata, na tarehe 18 Agosti 2004, siku ya Jumatano, saa kumi na moja alfajiri, akafariki hospitalini Lushoto, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Barazani hakuwahi kurudi. Alisema viongozi wa kata watakuja mazikoni, na kwamba lililosomwa mbele ya watu likanushwe mbele ya watu, kwa hiyo tunalikanusha, bila vina. Mzee Saidi hakumsingizia mtu. Alisema kweli, kitabu ndicho kilichosema uongo, na mwenye kitabu alikuwepo akanyamaza. Familia ya Shemhilu inawaomba radhi watoto wa mzee Saidi, nasi tunajua kwamba yeye aliomba yake siku ya gulio, mbele ya watu wengi kuliko hawa, kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mara zote mbili, majirani waliotubebea mgonjwa, kuni na maji, walimu wenzake waliochimba kaburi kwa mikono yao, mchungaji na wazee, na yule dereva wa nyanya popote alipo. Vitabu vimepangwa kwenye meza pale mlangoni. Rukia ameomba visilale humu ndani hata usiku wa leo, kwa hiyo kila atokaye abebe vya shule ya kijijini kwake, wa Mtae na wachukue vya Mtae, wa Irente vya Irente, na mwalimu atakayevipokea asivifungie kabatini, watoto wavichafue.

Na kwa kuwa historia ya marehemu haina budi kutaja tarehe na mahali, nasi tumekwisha kutaja za ndugu yetu, tunataja na hizi, ambazo kwa miaka tisa zilikuwa zimefutwa kwa kalamu yake. Mwanamisi, mke wa Saidi, mama yake Rukia, alifariki tarehe 9 Agosti 1991, mchana, juu ya njia kuu itokayo Magamba kwenda Lushoto, chini, vumbini, watu wakimwona. Yeye na mumewe wapumzike kwa amani, wakitangulia, na wewe kaka yangu, nyuma yao, upumzike.