Msiukate Msitu kwa Ajili Yangu

Kaeni wote watatu. Mkubwa, vuta hicho kigoda, usisimame mlangoni kama mtu anayengoja basi. Mama Pacha, liweke chini hilo beseni, mgongo wangu umeshatakata, ukiendelea kuusugua utautoboa. Na wewe Kimbaumbau, kaa hapa kitandani miguuni pangu, huna uzito wa kumwumiza mtu. Nina maneno, na pumzi yenyewe ndiyo hii mnayoisikia, kwa hiyo nitasema mara moja tu na mtu asinikatize, hata kwa kulia, maana kulia nako ni kukatiza.

Asubuhi hii mmekaa jikoni na mnunuzi wa magogo, yule mwenye kofia ya ngozi, mkakubaliana naye kwamba mtamuuzia msitu wetu wote, tangu kule juu kileleni hadi huku chini kwenye chemchemi, miti ikiwa imesimama hivyo hivyo, ili mpate fedha ya kunipeleka kwenye ile hospitali kubwa ya mbali nikapasuliwe. Mlinong'ona ili nisisikie. Wanangu, ukuta wa jikoni ni wa mbao, na mbao hizo nilizipiga randa kwa mikono yangu, nikazipunguza kupita kiasi kwa sababu nilikuwa bado najifunza useremala, kwa hiyo nimesikia kila kitu, hadi chafya ya Mkubwa, hadi Mama Pacha akisema, "Mama ni mmoja, miti itaota mingine." Nimesikia, nikageuza uso ukutani, si kwa hasira.

Kabla sijawakataza, nawashukuru. Msidhani nasema kwa adabu tu, mnanijua, adabu nyingi sina. Wako watu wanaouguza mama zao huku wakipima viwanja kwa hatua nje ya dirisha. Nyinyi mmekaa mkatafuta cha kuuza ili nibaki, na mkachagua kitu kikubwa kuliko vyote mlivyo navyo. Nimelipokea hilo, nimeshiba nalo, na sasa nawaambia: msiukate msitu kwa ajili yangu. Nilimuuliza daktari, wewe Mama Pacha ukiwa umeenda kuchukua dawa, nikamwambia, "Mwanangu, huyu angekuwa mama yako ungempasua?" Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema, "Mama, ningemrudisha nyumbani akae na watoto wake." Nilimpenda kwa jibu lile, na nimekuja nyumbani kukaa na watoto wangu, sasa mnataka kunipandisha kwenye gari tena niende wapi?

Hilo la hospitali limekwisha. La msitu ndilo nililowaitia.

Shamba hili na lile la chini lilikuwa moja. Babu yenu alipowagawia wanawe wawili, baba yenu alipata mteremko huu, na mdogo wake, baba yenu mdogo, akapata sehemu tambarare ya chini inayogusa barabara. Kwa miguu unapita kwenye kijia, lakini lori haliwezi kutoka kwetu mpaka lipite kwake, hilo mnalijua tangu mkiwa watoto. Baba yenu kwa kupenda miti akapanda safu moja mpakani kabisa, miti ikakua, kivuli kikalala juu ya bustani ya mdogo wake. Mdogo mtu akalalamika kwa upole, baba yenu akajibu kwamba jua ni la Mungu, halina mwenyewe. Basi yule naye akajenga uzio wa mbao nene, akaupigilia misumari mirefu, akasema na njia nayo ni ya Mungu, pitieni angani. Wakakaa hivyo, ndugu wa tumbo moja, wakisalimiana misibani tu.

Ndipo likatupata lile la upepo. Mama Pacha, wewe ulikuwa tumboni. Alikuja mnunuzi, akataka miti minene peke yake, akasema iliyobaki itapata nafasi na yenyewe inenepe. Ilituingia akilini, hata mimi niliona ni jambo zuri, kama kuwaondoa watu wazima mezani ili watoto wale. Akakata minene, akaitoa kwa kuikokota na matrekta kupitia upande wa chemchemi, maana uzio ulikuwa umefunga njia, maji yakawa tope msimu mzima. Miti myembamba ikabaki peke yake. Hatukujua kwamba wembamba wake ulitokana na kuegemea wenzake. Haikuwahi kupigwa na upepo tangu iote, kwa hiyo mizizi yake ilikuwa ya kivivu, imekaa juu juu. Dhoruba ya kwanza ikaja ikailaza yote, mmoja juu ya mwingine, kama njiti zilizomwagika. Asubuhi baba yenu alikaa juu ya kisiki akashika kichwa, na mimi na tumbo langu nilisimama nyuma yake.

Tukasikia misumari inalia. Msumari mrefu ukitolewa kwenye mbao kavu hulia, unaujua mlio wake. Tukashuka, tukamkuta baba yenu mdogo na nyundo yake anaubomoa uzio wake mwenyewe. Hakutusalimu. Alisema tu, "Mnangoja nini nyinyi? Gogo likilala chini linaingia wadudu. Leteni lori." Baba yenu akauliza, "Na bustani yako?" Akajibu, "Bustani haijakuuliza kitu." Ndivyo wanaume wa ukoo huu wanavyoombana radhi, msitegemee kitu kirefu zaidi ya hicho. Walifanya kazi pamoja mpaka mwisho, na miti ile ambayo hakuna mnunuzi aliyeitaka ndiyo iliyopasuliwa ikawa nyumba hii, ndiyo ukuta ulioniambia siri zenu leo. Mama Pacha, ulizaliwa ukuta huu bado unanuka utomvu.

Tangu siku ile tuliuza kwa utaratibu mwingine, na utaratibu huo ndio urithi wenu, kuliko hata miti yenyewe. Tulikata kwanza iliyopinda, iliyougua na iliyobanana, tukaiacha mizuri inenepe pamoja, na pale ilipokomaa tulikata kidogo, tukapanda, tukasubiri. Kila mti wa kuuza tuliupaka rangi mara mbili, kwenye usawa wa kifua na chini kabisa karibu na mizizi, ili mti ukishaondoka kisiki kibaki na alama; kisiki kisicho na rangi ni mti ulioibwa, na mnunuzi akijua mtapita kuangalia visiki, mkono wake unatulia. Wala hatukuuza mti uliosimama kwa kuukadiria kwa macho. Ulazwe kwanza, ukatwe magogo, upimwe wote mkitazama. Mnunuzi anapoutazama mti uliosimama anauona mwembamba, akishaulaza kwenye lori lake anashangaa umenenepa lini.

Mmesomeshwa na visiki. Hii kauli Kimbaumbau anaicheka, lakini ni kweli. Kila mmoja wenu anaweza kupanda pale juu nikamwonyesha kisiki kilichomnunulia viatu vya shule.

Sasa mnajiuliza, kama utaratibu ni mzuri hivyo, mbona tangu baba yenu afariki hatujauza? Mkubwa, nitazame. Nakusema mbele ya wadogo zako kwa sababu nakupenda na kwa sababu muda wa kukusema faraghani umeniishia. Lile lori la mwisho lilipopondaponda bustani ya baba yako mdogo, yule mzee alikuja hapa na kabichi zilizopondeka mikononi, akitaka neno moja tu, ukamwambia, "Kabichi ni kabichi, baba mdogo, kesho zitaota." Mtu aliyekuwa ametufungulia njia miaka yote ile! Akaondoka, jioni uzio ukarudi. Wewe ukasema hutamwendea, yeye akasema hatakuja, na miti ya juu ikakomaa ikapitiliza. Na leo mwenye kofia ya ngozi amekuuliza njia, ukamwambia yule mzee hafungui, naye akasema hakuna shida, atachonga barabara yake kupitia kwenye chemchemi. Ukakubali. Chemchemi inayonywesha nyumba hii na nyumba ya baba yako mdogo. Mwanangu, unajua uliyoyakubali? Kaburi langu litafunguliwa vile vile, na utakuwa umekausha mitungi ya nyumba mbili.

Usilie. Nimeshakwambia kulia ni kukatiza.

Inuka, Mkubwa. Nenda sasa hivi, mimi nikiwa bado naona mlango. Mwambie baba yako mdogo kwamba shemeji yake anamsalimu, na kwamba ile safu ya mpakani ni yake kuanzia leo, magogo na kuni na jua lake lote, na ndiyo itakayokatwa kwanza kabla ya mti mwingine wowote. Hilo nilipaswa kulisema siku nyingi, lakini nilingoja mwende nyinyi. Mwambie tunaomba njia. Akikutukana, pokea. Akikunyamazia, kaa naye mnyamaze wote wawili. Usipeleke fedha, usipeleke mtu wa kukusemea. Na vaa viatu vya shambani, si hivyo vya ofisini, asije akadhani umekuja kumkagua.

Ameenda. Nisogezeeni mto. Hapo, basi.

Nyinyi wawili sikieni, na mtamweleza kaka yenu. Msitu usigawanywe vipande vitatu. Najua watu watawaambia kila mtu achukue chake ndiyo usalama. Msitu si mkate. Miti ya pembeni imezoea upepo, ndiyo inayoikinga ya katikati; mkiukata vipande, kila kipande kinapata pembeni mpya zisizozoea, na mliyosikia kuhusu dhoruba yatarudi. Kaeni nao pamoja kama ulivyo. Mkubwa auze, kwa sababu ana mdomo, na mdomo huo ukishafundishwa adabu utawafaa. Wewe Mama Pacha ndiwe uchague miti na kuipaka rangi, una jicho, tangu mdogo ulikuwa unajua mbuzi yupi anaumwa kabla hajaumwa. Mti usiopakwa na wewe usikatwe, hata kaka yako akipiga magoti. Kimbaumbau, kitalu ni chako. Miche inakupenda, sijui ni kwa sababu mnafanana. Kila mti unaoanguka, panda zaidi ya mmoja, na usiipande mpakani.

Yule wa kofia ya ngozi akirudi, mpeni maji ya kunywa, mwambieni msitu wote hauuzwi, lakini miti iliyokomaa kule juu atapata, kwa kupimwa chini, kwa alama mbili. Akikataa aende salama. Akikubali, huyo ni mnunuzi.

Jeneza langu lisiwasumbue. Juu darini ziko mbao nilizozikausha, zimepangwa mafungu mawili. Zile za upande wa dirisha ni za daraja la kwanza, zina wateja, msiziguse. Nifanyieni za upande wa pili, zina mafundo lakini haziko mbaya. Sitazikagua. Mnacheka... chekeni, nimefurahi. Na msiliwekee nakshi, fundi seremala anapenda nakshi, mwambieni mama alikataa.

Nguo zangu Mama Pacha atajua. Randa yangu apewe Mkubwa, ajifunze kupunguza mambo polepole.

Nimechoka sasa. Si maumivu, ni kuchoka tu, kama ukishuka mlimani na mzigo umeshautua.

Nimekuwa na bahati, mjue. Nilikuja hapa na sanduku la nguo na cheti cha shule, mteremko mtupu, mchanga na majani makali. Baba yenu akanipa koleo la kuchimbia mashimo ya miche, hakunipa ua. Nilikasirika. Leo naona lilikuwa ua lenyewe. Nimelala ndani ya miti niliyoipanda, watoto wangu wamenisafisha, nimesikia wakinong'ona kwamba wananitaka. Mwanamke atake nini zaidi? Labda uji usiokuwa na sukari nyingi, Kimbaumbau, uji wako unang'ata meno.

Nyamazeni kidogo.

Nyamazeni... hamsikii? Fungua dirisha. Hapana, usifungue, ukuta unatosha.

Huo ni msumari. Unalia. Na huo mwingine... huo nao ni msumari, lakini si mkono ule ule. Mkono wa kwanza ni wa mzee, anavuta polepole. Huu wa pili una haraka. Hajui kung'oa msumari, mtoto wa watu, ataupinda.

Nyundo mbili. Zinafanya kazi pamoja.

Basi. Sina la kuongeza. Mungu awape miti iliyonyooka na ndugu wa kuishika upande wa pili. Awape maji ya chemchemi ile mpaka wajukuu wenu wachoke kuyateka. Nawashukuru... wewe, na wewe, na huyo aliye kule chini. Mwambieni.

Mwambieni msumari auvute wima... asiupinde... utafaa tena.