Bi Chujio Anaondoka, Alama Zetu Anamwachia Nani?

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mhadhiri wetu wa takwimu atarudisha ufunguo wa chumba namba tisa. Wote tunamwita Bi Chujio, naye anajua. Kamati ya kumuaga imeniomba niandike maneno ya kuchangamsha. Nitajitahidi, ingawa kuondoka kwake kunanitisha.

Aliajiriwa kama mkufunzi msaidizi, akapanda ngazi moja moja, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa msahihishaji wa pili wa chuo kizima. Kwa wageni: hapa kwetu kila karatasi husahihishwa mara mbili, na wa pili haonyeshwi alama za wa kwanza. Zikipishana kwa zaidi ya kumi, hao wawili hukaa mezani wayamalize. Mhadhiri wa historia aliwahi kujificha stoo hadi aliposikia viatu vya Bi Chujio vimepita. Alipotoka alimkuta koridoni, ameketi juu ya rundo la karatasi, anamsubiri.

Nilipoanzisha Somo la Furaha miaka minne iliyopita, la kufanya mazoezi ya kuongeza raha na kupima kama yanasaidia, wengi walinong'ona kwamba tunageuza chuo kuwa kijiwe. Yeye alisubiri karatasi. Wanafunzi walijaa hadi madirishani, wakanisifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kati ya wanafunzi sitini na wawili, hamsini na wanane niliwapa A.

Aliniita. Nilikwenda roho mkononi, nikijua somo langu linazikwa siku hiyo. Mezani palikuwa na madaftari mawili. La kwanza lilikuwa la kijana aliyejaza kurasa ishirini za kusimulia alivyo na raha, bila kipimo hata kimoja. Nilimpa tisini na moja. La pili lilikuwa la binti aliyepima usingizi na hali yake kila siku kwa wiki sita, akachora jedwali, kisha akakiri kwamba mazoezi yangu hayakumsaidia na bado ana huzuni. Nilimpa arobaini na tatu.

“Mdogo wangu,” alisema, “hukusahihisha kazi zao. Umesahihisha furaha zao.”

Niliona aibu, nikasahihisha zote upya. A zilibaki tisa. Baraza la chuo lilipotaka kulifuta somo, ni yeye aliyesimama kulitetea. Alisema furaha ni jambo la kuchunguzwa kama mengine, na kinachoua elimu ni mwalimu anayeogopa kumnunisha mwanafunzi.

Mwalimu huyo bado yupo, ni mimi. Na baraza limeamua kwamba Bi Chujio akiondoka, usahihishaji wa pili unaondoka naye, eti kupunguza mzigo. Wiki iliyopita nilimaliza rundo la muhula huu peke yangu: A arobaini na sita. Sijui kama wamezistahili au nimewaogopa tena. Nilimpelekea kwa siri alitazame, akakataa kwa upole, akafunga mkoba wake. Alama zinatakiwa Jumatatu, na baada yangu hakuna jicho lingine.

Asante, dada yetu, kwa kila karatasi uliyoturudishia. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na subira kwa wajukuu, ambao tunasikia tayari unawarudishia michoro yao wairekebishe. Maisha yako mapya yawe mema. Mimi nimelifungua rundo, naanza upya na karatasi ya kwanza.