Saini ya Ishirini

Benchi lililo nje ya duka la Sindano, fundi cherehani, halikukalika asubuhi ile. Mheshimiwa aliyekaa bungeni miaka thelathini na mitano alikuwa ametangaza kwamba sasa anapumzika, na kiti kiko wazi. Sindano alikuwa amepakata fomu ya kugombea. Saini za wadhamini kumi na tisa, imebaki moja, na ofisi inafunga saa sita mchana. Kiti hicho amekitamani kimoyomoyo tangu hajaota ndevu, na leo ndiyo leo.

— Mwige yule mzee tu, utadumu, alisema Redio, karani mstaafu asiyepitwa na habari. Siri yake ni misiba. Hakukosa hata mmoja. Analia kuwashinda wafiwa.

— Wapi, akadakia Futi, fundi mwashi. Siri ni usingizi. Bungeni analala, na asiyesema hakosei. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Simba anakwenda, ndugu yangu. Halali.

— Basi huyu alikuwa anakwenda kwa ndani.

Sindano akachukua chaki ya kukatia nguo, akaandika kwenye karatasi ya vipimo: misiba, usingizi.

— Nyie bado wachanga, Redio akaweka kikombe chini. Mheshimiwa ni watu wawili. Mapacha. Mmoja amelala bungeni, mwenzake analia msibani. Umeshawaona pamoja?

Futi akafikiri sana.

— Sijawahi.

— Ushahidi gani tena unautaka?

Sindano hakuwa na pacha. Akamwandika mdogo wake.

Hapo akafika mkunga wa zahanati, mgeni mtaani, ana sare yake ya kupunguzwa. Benchi zima likampisha.

— Dada, tunahitaji saini yako, Futi akamwambia. Usione haya. Mficha uchi hazai.

— Hilo nalijua kuliko wewe, kaka.

Sindano akampa fomu na kalamu. Mkunga akaisoma yote, kitu ambacho wale kumi na tisa hawakukifanya.

— Sawa, fundi. Ukifika huko, jambo la kwanza utakalotusemea ni lipi?

Sindano, anayeweza kukuuzia suruali ya mtu mwingine ukashukuru, akaichungulia karatasi ya vipimo: misiba, usingizi, mdogo wake. Akamtazama Redio. Redio akawa anapuliza kahawa iliyokwisha poa.

— Ataanza kwa kulia, Futi akajaribu, halafu…

Mkunga akaketi, kalamu mkononi.

— Nasubiri tu, fundi. Sina haraka.

Aibu ikampanda Sindano mpaka masikioni. Miaka yote hiyo alikiwaza kiti, hakumwaza hata mtu mmoja wa mtaa huu.

— Dada, nipe siku mbili nikafikiri.

— We fundi, Redio akamnong'oneza, saa sita hiyo inagonga.

— Najua, alisema Sindano, akaikunja fomu.